Nani Atajua?



Nyuma ya nyumba moja mjini Tororo, mji ambao reli itokayo Malaba hugawanyika, tawi moja likaelekea Kampala na jingine Soroti, kuna banda la mabati ambamo mzee mmoja amekuwa akiunda garimoshi kwa miaka 11. Garimoshi lenyewe halitabeba abiria. Ni mfano mdogo, na likikamilika urefu wake hautazidi ule wa kitanda cha mtoto. Hakuna aliyemwagiza kulitengeneza, wala hakuna atakayelinunua. Mkewe, ambaye majirani wote tunamwita Mama, huliita garimoshi hilo "mke mwenzangu", kwa kuwa ndilo ambalo mzee huliamkia alfajiri na ndilo analoliaga mwisho usiku.

Leo nataka nikushawishi juu ya jambo moja, na nitakupitisha katika banda hilo ili nikushawishi. Jambo lenyewe ni hili: uraia mwema hupimwa zaidi katika kazi isiyo na msimamizi. Mbele ya askari, hakimu au mwalimu wa zamu, karibu kila mtu ni raia mwema. Nimeandika ubaoni maneno "haki" na "wajibu" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hata hivyo, maana ya neno la pili niliielewa nikiwa nimesimama katika banda la mzee yule, pande la chuma mkononi, nikiona haya.

Kabla sijafika kwenye haya yangu, nikujulishe kwanza kwa mzee mwenyewe. Aliingia katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi chini ya fundi, akapelekwa Nairobi kwenye karakana kuu. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Hapa Uganda, wengi wa rika lake walikisikia Kiswahili kwanza katika vinywa vya wanajeshi, wakakiogopa. Yeye alikisikia katika vinywa vya mafundi waliomwambia ashike taa vizuri na aache kusinzia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika nalo liligawanywa, naye akarudi nyumbani na sanduku la nguo, sanduku la zana na lugha moja zaidi. Nguo zilikwisha zamani. Zana na lugha bado anazitumia kila siku.

Garimoshi analoliunda ni mfano wa yale ya aina ya Garratt, daraja la 59, yaliyotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950. Yalikuwa 34, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Yalivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi, kila moja likiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Moja kati yao, Mount Gelai, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi. Mzee aliyafanyia kazi akiwa kijana, na sasa anaunda moja lake kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Upana wa mita moja umekuwa milimita 50, na mlima umeingia bandani.

Sasa, msomaji wangu, usidhani kwamba banda hilo ni mahali pa utulivu. Kuna methali isemayo, "Mchagua jembe si mkulima." Aliyeitunga hakuwa amekutana na mpenda vyuma. Mzee ana tupa za kila umbo: bapa, ya mviringo, ya pembe tatu, na nyingine ndogo kama mkia wa panya. Ana keekee ya kutobolea, misumeno ya chuma, spana, bisibisi na mashine ndogo ya kukerezea, ambayo huzungusha chuma huku kisu kikikichonga mpaka kikawa mviringo kamili. Ana pia jiliwa, kifaa chenye taya mbili kinachoshika kitu kisicheze unapokikata. Mafundi wengi mitaani hukiita vaisi. Ukiwaambia "jiliwa", watakutazama kama mtu aliyetoka kusoma kamusi, na watakuwa hawajakosea.

Tatizo la kwanza la karakana ya nyumbani ni kwamba zana huzaa zana. Juma moja mzee alitaka kuchonga gurudumu. Ili alichonge, ilimpasa alishike. Ili alishike, alihitaji kishikilio. Ili atengeneze kishikilio, alihitaji kisu chenye ncha maalumu. Na ili akinoe kisu hicho, alihitaji kiegemeo kwenye jiwe la kunolea. Jumamosi nilimkuta anatabasamu mbele ya kiegemeo kizuri mno. Nilipomuuliza gurudumu liko wapi, alinitazama kama mtu aliyekumbushwa deni.

Tatizo la pili ni skurubu inayoanguka. Kitu kizito kikianguka hukaa pale kilipoangukia. Skurubu ya milimita tatu huanguka, huruka, hufikiri kidogo, kisha huenda mahali pasipofikiwa na mkono wa binadamu. Nimemwona mtu wa miaka sabini na ushei amelala kifudifudi sakafuni, mkononi ana sumaku iliyofungwa kwenye kijiti, akipapasa chini ya meza. Siku hiyo alipata skurubu tatu alizozipoteza mwaka uliotangulia, lakini ile ya siku hiyo hakuipata. Akakaa jioni nzima kutengeneza nyingine. Kesho yake Mama aliiona ya kwanza ndani ya sinia la mchele. Hakuuliza ilifikaje huko. Aliiweka kando ya sahani yake kama mtu anavyoweka mwiba wa samaki, akaendelea kuchambua mchele.

Tatizo la tatu ni keekee. Ikiwa kazi ina matundu manane, biti ya keekee haitavunjika kwenye tundu la kwanza, wakati hasara ni ndogo. Itasubiri tundu la nane. Na umeme nao hukatika kisu kikiwa katikati ya chuma. Umeme ukikatika, tendo la kwanza la mzee huwa kuzima swichi ya mashine, kabla hajalalamika na kabla hajatafuta taa. Umeme ukirudi ghafla na mashine ikaanza kuzunguka huku mkono wako uko ndani, mashine haitakuuliza kama ulikuwa tayari. Hilo ninalisisitiza kwa kila mwanafunzi anayetaka kujifunza ufundi: zima kwanza, lalamika baadaye.

Tatizo la nne ndilo lililonifunza zaidi. Chuma kikipata joto hutanuka. Fimbo ya chuma ya mita moja, joto lake likipanda kwa nyuzi 100 za selisiasi, hurefuka kwa takriban milimita 1.2. Ni kidogo, lakini kwa fundi kidogo si kidogo. Mzee alikuwa akichonga ekseli, yaani ule mhimili unaobeba magurudumu mawili. Ikabaki kidogo, akaipima ingali moto kutokana na kuchongwa, akaona kipimo ni kile kile alichokitaka. Akaenda kunywa chai kwa furaha. Aliporudi, ekseli ilikuwa imepoa, imesinyaa, imepungua kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Hiyo ni chini ya nusu ya unene wa unywele wako. Gurudumu lililopaswa kukazana nayo likawa linaingia kwa ulegevu.

"Chai ile imenilia siku tatu," aliniambia.

Mimi, kwa wema wa mtu asiyejua kitu, nikamshauri apake gundi kali, agongomee gurudumu, apake rangi juu. Ekseli ingefichwa na magurudumu, magurudumu yangefichwa na fremu, na fremu ingefichwa na mwili wa garimoshi. "Nani atajua?" nikamuuliza.

"Gari itajua," akajibu. Akaitupa ekseli ndani ya ndoo iliyo mlangoni.

Ndoo hiyo ina jina. Mzee huiita ndoo ya majuto. Ndani yake mna kila kipande alichokiharibu tangu alipoanza kazi hii: magurudumu yenye tundu lisilo katikati, vipande vilivyokatwa vifupi, sahani zilizotobolewa upande usiofaa. Haifichi chini ya meza. Imekaa mlangoni, na kila mgeni huikwaa. Tena huifaidi, kwa maana ekseli iliyoharibika leo ikichongwa upya yaweza kuwa pini ya kesho. Nilipoitazama siku hiyo, nilifikiria jinsi sisi watu wazima, walimu tukiwemo, tunavyozificha ndoo zetu. Mwanafunzi akinisahihisha darasani, mara ngapi nimesema "nilikuwa nawajaribu tu"?

Liko pia tatizo la tano, na hili linakuhusu wewe unayejifunza lugha. Hesi ni ile mistari inayouzunguka mwili wa bolti na kuifanya nati ishike. Zamani kila kiwanda kilikata hesi zake kilivyopenda, na nati ya kiwanda kimoja haikulazimika kuingia kwenye bolti ya kingine. Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote, chenye hesi za pembe ya nyuzi 55. Baadaye mfumo wa metriki ulikuja na pembe ya nyuzi 60. Basi katika mji kama wetu, ambako vyuma vya enzi ya ukoloni huishi pamoja na pikipiki za leo, mifumo hiyo miwili hukutana na kugombana. Bolti ya milimita 12 ukiitia kwenye nati ya nusu inchi ya Whitworth, itaingia, itacheza, itakupa matumaini, kisha itagoma. Ukiilazimisha, umeziharibu zote mbili. Mzee ana kopo la nati za mfumo mmoja, kopo la nati za mfumo wa pili, na kopo la tatu, kubwa kuliko hayo mawili, aliloliandika kwa rangi nyeupe: SIJUI.

Kiswahili sanifu nacho kilitokana na haja ya namna hiyo. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, ili kuwe na Kiswahili kimoja cha vitabu na shule, lahaja ya Kiunguja ikiwa msingi wake. Kipimo kimoja ni ahadi. Mtu wa Tororo akikata hesi kwa kipimo kilichokubaliwa, mtu wa Kigoma asiyemjua ataifunga nati yake bila taabu. Hakuna askari anayesimama kando ya kila bolti. Anayekata hesi hutimiza ahadi kwa mtu ambaye hatamwona kamwe, na hapo ndipo ninapouona uraia katika umbo lake la wazi kabisa.

Sasa nije kwenye haya yangu.

Shuleni kwetu madawati 14 yalikuwa yamelegea miguu. Fedha za kuyatengeneza hazikuwapo. Nikamwendea mzee, ambaye majirani humletea kila kitu kilichovunjika, kuanzia vishikio vya sufuria hadi bawaba za milango, kwa imani kwamba mtu aundaye garimoshi la kuchezea hana kazi nyingine. Hulalamika kila mara, na kila mara hukubali.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, kisha nikaeleza shida yangu.

"Marahaba, mwalimu. Nitafanya. Pesa sitaki. Chuma ulete wewe."

Nilizunguka madukani kuuliza bei ya chuma cha pembe, kile ambacho ukikitazama kichwani kina umbo la herufi L. Bei ilinikatisha tamaa. Siku ya tatu nikakutana na kijana mmoja barabarani, baiskeli yake imejaa vyuma chakavu, na kati yake mlikuwa na vipande virefu vya chuma cha pembe, vinene na imara. Bei yake haikufika nusu ya ile ya dukani. Nikalipa kutoka mfukoni mwangu, nikajipongeza njia nzima. Sikumuuliza kijana vyuma vimetoka wapi. Na kwa kuwa leo ninakufundisha habari ya ndoo ya majuto, nitakuambia ukweli wote: sikumuuliza kwa sababu nilihofia jibu.

Mzee alikipokea kipande cha kwanza, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu yake. Kisha akakiweka chini polepole.

"Mwalimu," akasema, "hii chuma umetoa wapi?"

Ulimi wa mwalimu una mazoea yake. Ulinyanyuka ili useme kwamba chuma ni cha ngeli ya KI-VI, na kwamba sentensi sahihi ni "chuma hiki umekitoa wapi". Kisha nikauona uso wake, ulimi ukarudi chini. Yeye alikuwa amekosea ngeli. Mimi nilikuwa nimekosea jambo kubwa zaidi.

Alinionyesha bila kupandisha sauti. Chuma kilikuwa kimefunikwa tabaka nene la zinki, rangi ya kijivu iliyofifia, ambalo huwekwa ili chuma kikae mvuani miaka mingi bila kushika kutu. Karibu na ncha palikuwa na matundu ya bolti yaliyopangwa kwa usawa. Na kando ya matundu palikuwa na herufi na tarakimu zilizogongwa ndani ya chuma chenyewe, ili mafundi wajue kipande kinakaa wapi. Kilikuwa kiungo cha mnara wa umeme, ile minara mirefu inayobeba nyaya kutoka mji hadi mji. Akaongeza kwamba zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomtia fundi homa usiku huo huo. Lakini nilijua kwamba moshi haukuwa sababu yake.

Nilijitetea. Nilisema kwamba mimi sikuiba. Nikasema fedha zimekwisha kwenda na hazirudi. Nikasema mnara umekwisha kung'olewa kipande, na kukiacha kipande hicho kioze nyuma ya banda hakutakirudisha mahali pake. Nikasema ni kwa ajili ya watoto. Mwishowe, bila kujisikia, nikasema tena lile neno: nani atajua?

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akachukua muda wake.

"Nikikata hii, ile alama inapotea. Nikipaka rangi, inakuwa dawati tu. Hakuna mtu atajua. Ndiyo maana siwezi."

Ekseli nilikuwa nimeiona ikitupwa ndooni, na bado sikuwa nimeelewa. Siku hiyo nilielewa. Mtu huyu alikuwa ameishi miaka 11 katika kazi isiyo na mteja, mkaguzi, mshahara wala tarehe ya mwisho. Kila siku alikuwa na nafasi ya kujidanganya kwa sehemu moja ya mia ya milimita, na hakuna mahakama duniani ambayo ingemshitaki. Mazoezi ya kukataa udanganyifu mdogo yalikuwa yamemwandaa kuukataa mkubwa. Mimi, niliyekuwa nimezoea "nilikuwa nawajaribu tu", sikuwa nimejiandaa.

Tulivipeleka vyuma kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kituo cha polisi, ambako nilikaa saa mbili nikieleza jambo ambalo lilinifanya nionekane mwizi au mjinga. Nilichagua mjinga. Kijana yule sikumwona tena kwenye barabara ile, na hilo halinifurahishi, kwa kuwa huenda naye alinunua bila kuuliza, kama mimi. Fedha zangu hazikurudi. Muhula ule wote wanafunzi walikaa wanne kwenye madawati ya watatu. Msichana mmoja aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, chuma kimekwisha mjini?"

Niliwaeleza darasa zima ukweli. Mvulana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono, akatoa hoja ambayo bado naiona kuwa nzito kuliko zangu zote: "Mwalimu, mnara ulikwisha haribiwa. Mngetengeneza madawati, angalau hasara ingezaa faida." Wenzake walimpigia makofi.

Nakupa wewe jibu nililompa, ulipime mwenyewe. Mwizi wa chuma hali chuma. Hukiiba kwa sababu yuko mtu atakayekinunua. Fedha niliyomlipa kijana yule ilikuwa malipo ya kipande kilichoibwa na wakati huo huo oda ya kitakachofuata. Mnara wa umeme hujengwa kwa viungo vinavyosaidiana kubeba uzito na kukabili upepo. Ukiondoa kimoja, huenda usimame. Ukiendelea kuviondoa, siku ya dhoruba utaanguka, na zahanati yenye friji ya chanjo itabaki gizani. Kwa sababu hiyo Bunge la Uganda liliirekebisha Sheria ya Umeme mwaka 2022 na kuongeza adhabu kwa wanaoharibu miundombinu. Katiba nayo, katika ibara ya 17, inaorodhesha wajibu wa raia, na kulinda mali ya umma kumo. Lakini sheria hufika baada ya mnara kuanguka. Swali la mnunuzi, "Kimetoka wapi?", linaweza kufika kabla.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila anayeuza vyuma chakavu ni mwizi. Nenda Katwe, jijini Kampala, uone masufuria, majiko na hata mashine zinazozaliwa kutokana na vyuma ambavyo wengine walivitupa. Hiyo ni kazi ya heshima na faida kwa taifa. Muuzaji mwaminifu hapungukiwi kitu akiulizwa chuma kimetoka wapi. Anayepungukiwa ni yule mwingine, anayeuza kwa nusu bei na kumharibia mwaminifu soko. Tena najua kwamba si rahisi kuuliza swali hilo unapokuwa na shida. Nilikuwa na shida ya madawati 14 tu, na ilitosha kunifumba kinywa. Aliye na njaa nyumbani ana jaribu kubwa kuliko langu. Ndiyo maana nasema tuanze mazoezi mapema, katika mambo madogo, kabla jaribu halijawa kubwa. Samaki mkunje angali mbichi.

Nawe, mwanafunzi, una karakana yako isiyo na msimamizi. Ni daftari ambalo mwalimu hatalisahihisha, zamu ya kufagia ambayo kiranja hayupo, chenji iliyozidi dukani. Ni insha unayoweza kuinakili kwa rafiki ukabadilisha maneno mawili, kama chuma kilichopakwa rangi juu ya alama. Jibu la "nani atajua?" mara nyingi huwa ni "hakuna", na tusijidanganye kwamba ukweli hujulikana kila mara. Mambo mengi hayajulikani kamwe. Wajibu unaanzia hapo.

Madawati yalitengenezwa muhula uliofuata, kwa chuma kilichonunuliwa dukani kwa michango ya wazazi, na risiti ipo. Mzee alipima kila mguu kwa guniya, kipimo cha pembe mraba, na alinung'unika juu ya kila kitu: umeme, bei ya biti, macho yake, wanafunzi waliokuja kutazama na kusimama mbele ya mwanga. Dawati la mwisho lilipokamilika, nilimwona amelala chali sakafuni, akisugua kwa tupa kona za chuma zilizo chini ya ubao, mahali ambapo hakuna jicho lifikalo.

"Mzee, hapo nani ataona?" nikamuuliza, na safari hii nilikuwa nauliza ili nijifunze.

Hakuacha kusugua. "Magoti," akasema.

Kazi yako ya juma hili ni hii. Nenda kwa fundi aliye karibu nawe, umsalimie kwa heshima, na ujifunze majina matano ya zana zake kwa Kiswahili, ukiandika jina la kamusi na jina la mtaani. Kisha chagua kitu kimoja ulichokinunua mwezi huu kwa bei iliyokufurahisha, na uandike aya moja ukijibu swali ambalo mimi sikuliuliza kwa wakati wake: kimetoka wapi?